Ruta Mbili, Lango Moja: Namna Mtandao wa Kituo cha Afya Unavyopokezana Zamu

Moyo wa binadamu hautegemei chanzo kimoja cha umeme. Juu kabisa, katika ukuta wa chemba ya kulia, kipo kituo kinachotoa mapigo 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Chini yake, kwenye mpaka wa chemba za juu na za chini, kipo kituo cha pili ambacho kikiachwa peke yake hutoa mapigo 40 hadi 60. Chini zaidi, ndani ya chemba za chini zenyewe, zimo chembe zinazoweza kuupigisha moyo mara 20 hadi 40 kwa dakika. Kituo cha pili kilielezwa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906. Cha kwanza kilielezwa huko Uingereza na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. La kustaajabisha ni kwamba vituo vya chini havishindani na cha juu. Maadamu mapigo ya juu yanawasili kwa wakati, vyenyewe hunyamaza. Yakikoma, hungoja kidogo, kisha hushika zamu.

Mwaka 1998 wahandisi wa mitandao ya kompyuta walichapisha kanuni mbili zenye mpango unaofanana mno na huo. Machi mwaka huo ilitolewa kanuni ya HSRP, iliyobuniwa ndani ya kampuni ya Cisco. Aprili ikafuata VRRP, iliyotungwa ili vifaa vya kampuni yoyote viweze kuitumia. Zote mbili ni itifaki, yaani makubaliano ya mazungumzo kati ya mashine, na kazi yake ni moja: ruta moja ikifa, nyingine ishike nafasi yake kabla watumiaji hawajasumbuka.

Msomaji wetu anaweza kuuliza jambo hili linaingiaje katika jarida la tiba. Linaingia kwa sababu huduma ya afya siku hizi hupita ndani ya waya, na waya unapokatika anayeumia ni mgonjwa.

Mgonjwa wa machimboni na safari ya taarifa zake

Tuchukue mfano wa Mwakitolyo, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga iliyo katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Kahama na Geita. Maisha ya huko yanazunguka maduara, makarasha na mialo ya kuchenjulia. Magonjwa yake yanafuata mkondo huohuo: vumbi la mawe linaloganda mapafuni na kumfungulia mlango kifua kikuu, mvuke wa zebaki, mifupa iliyovunjwa na vifusi. Wapo pia kina mama wajawazito na watoto wenye homa, kama ilivyo mahali popote.

Wengi wa wagonjwa hao hawamalizii matibabu yao kijijini. Atakayehitaji uchunguzi wa juu atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga iliyoko Mwawaza, na pengine Bugando jijini Mwanza. Lakini kabla mwili wa mgonjwa haujasafiri, taarifa zake zimekwisha kusafiri mara kadhaa. Uandikishaji wake hufanyika katika mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS. Uanachama wake wa bima huhakikiwa kwa mbali. Kumbukumbu namba ya malipo ya serikali hutolewa na mfumo ulio nje ya kituo. Majibu ya maabara, maombi ya dawa na takwimu za mwezi zinazoingizwa katika DHIS2 hupita njia hiyohiyo. Picha moja ya kidijitali ya kifua cha mchimbaji yaweza kuwa na megabaiti 10 au zaidi, nayo humfikia daktari bingwa wa mionzi aliye mji mwingine kupitia lango lilelile.

Hapa ndipo penye udhaifu. Katika vituo vingi lango hilo ni kisanduku kimoja chenye taa chache, kimewekwa juu ya kabati la ofisi ya mapokezi, na karibu hakuna anayekikumbuka mpaka siku kitakapozimika.

Lango kuu ni nini?

Kompyuta zilizo ndani ya jengo moja huunganishwa na swichi, nazo huweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe bila msaada wa mtu. Kompyuta inapotaka kuzungumza na mashine iliyo nje ya jengo, haijui njia. Huukabidhi ujumbe wake kwa ruta, nayo ndiyo inayojua kuupeleka mbele. Anwani ya ruta hiyo huandikwa katika kila kompyuta kama lango kuu, na kwa kawaida huandikwa moja tu.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mtumishi wa afya. Kituo chenye seva yake ndani ya jengo kinaweza kuendelea kuandikisha wagonjwa na kutoa majibu ya maabara hata ruta ikiwa imekufa, maana mawasiliano hayo hayatoki nje. Kituo kinachotegemea seva iliyo mbali husimama chote. Ndiyo maana kauli ya "mtandao haupo" inayosikika dirishani si utambuzi kamili wa ugonjwa. Ni dalili, mfano wa homa. Inabidi kuuliza: ni swichi, ni ruta, ni njia ya nje, ni seva ya mbali, au ni umeme?

Kununua ruta ya pili peke yake hakutoshi. Kompyuta 20 zilizofundishwa anwani ya ruta ya kwanza zitaendelea kuigongea mlango hata ikiwa imekufa. Afisa TEHAMA atalazimika kupita kompyuta moja baada ya nyingine akibadili anwani, na kazi hiyo itakula saa nzima huku foleni ikirefuka. Itifaki za upokezano zilitungwa kuondoa kazi hiyo.

Namna zamu inavyopokewa

Wazo la VRRP ni jepesi. Ruta mbili, au zaidi, hukubaliana kutumia anwani moja ya pamoja ambayo si mali ya kudumu ya yeyote kati yao. Kompyuta zote hufundishwa anwani hiyo ya pamoja kuwa ndiyo lango kuu. Wakati wowote ruta moja tu ndiyo inayoijibu anwani hiyo. Hiyo tuiite ruta ya zamu. Nyingine ni ya akiba.

Ruta ya zamu hutoa tangazo fupi ndani ya mtandao wa jengo kila baada ya sekunde 1. Tangazo hilo halimwendei mtu mmoja. Hutumwa kwenye anwani ya kikundi, 224.0.0.18, ambayo ruta zote zenye makubaliano hayo huisikiliza. Ujumbe wake kwa maneno ya kawaida ni huu: mimi nipo, nina zamu, na daraja langu ni hili. Ruta ya akiba husikia na kunyamaza, kama kituo cha pili cha moyo kinavyonyamaza kila kinapofikiwa na pigo kutoka juu.

Nani awe wa zamu huamuliwa na namba ya daraja, kuanzia 1 hadi 254. Msimamizi asipoandika namba yoyote, ruta hujipa 100. Namba 255 imetengwa kwa ajili ya ruta ambayo anwani ya pamoja ni anwani yake halisi. Yenye daraja la juu hushika zamu. Zikilingana, yenye anwani kubwa zaidi hushinda. Mgao huu pia tunaujua moyoni: kituo chenye kasi kubwa ndicho kinachotawala vingine.

Matangazo yakikoma, ruta ya akiba haikurupuki. Hungoja muda wa matangazo 3, kisha huongeza kipande kidogo cha muda kinachotokana na daraja lake. Katika toleo la pili la VRRP kipande hicho hupatikana kwa kutoa daraja kutoka 256 na kugawa kwa 256. Ruta yenye daraja 100 itaongeza takriban sekunde 0.6, hivyo itashika zamu baada ya sekunde 3.6 hivi. Yenye daraja 200 itaongeza sekunde 0.2 tu. Kwa hesabu hiyo ndogo, kama akiba ni nyingi, iliyo bora huamka kwanza na nyingine hulisikia tangazo lake zikabaki kimya. Hakuna mabishano wala kura.

Inaposhika zamu, ruta mpya hutangaza kwamba anwani ya pamoja sasa iko kwake. Kuna ujanja mwingine hapa. Kila kifaa cha mtandao kina namba ya kiwandani iitwayo MAC, na kompyuta hukumbuka namba ya MAC ya lango lake. VRRP huipa anwani ya pamoja namba yake maalumu ya MAC, inayoanza na 00-00-5E-00-01 na kumalizika kwa namba ya kikundi. Ruta mpya huirithi namba hiyo pia. Hivyo kompyuta hazina la kubadili wala la kukumbuka upya. Ni swichi pekee zinazojifunza kwamba mlango uleule sasa umehamia upande mwingine.

Ruta ya zamu ikizimwa kwa utaratibu, kwa mfano wakati wa matengenezo, hutoa tangazo la mwisho lenye daraja 0. Maana yake ni kwamba inaondoka. Akiba husogea mara moja bila kungoja matangazo 3 yapotee. Muuguzi anayekabidhi wodi kwa maandishi kabla ya kuondoka hufanya jambo hilohilo. Anayeondoka kimya humwacha mwenzake agundue mwenyewe.

Sekunde 3.6 ni muda gani?

Madaktari wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, waliandika habari za wagonjwa wenye mapigo ya polepole waliokuwa wakizimia ghafla na kuzinduka. Leo tunajua kinachotokea kwa wengi wa wagonjwa wa namna hiyo: njia ya umeme kati ya chemba za juu na za chini hukatika, na kituo cha akiba huchelewa kuamka. Mgonjwa huanguka katika pengo hilo. Akiba yupo na atafika. Anayeamua kama mgonjwa ataanguka ni urefu wa pengo.

Mtandao nao una pengo lake. Kwa mwandikishaji anayejaza fomu, sekunde 3.6 hazionekani. Kwa picha ya kifua iliyo njiani, programu nyingi hutuma tena vipande vilivyopotea na kazi huendelea. Kwa mazungumzo ya video na daktari bingwa, sauti hukatika, na mara nyingi simu italazimika kupigwa upya, hasa ikiwa ruta ya pili inatokea nje kwa kampuni nyingine na kwa anwani nyingine. VRRP huhamisha lango. Haihamishi mazungumzo yaliyokwisha kuanza.

HSRP katika mpangilio wake wa kawaida hutoa salamu kila sekunde 3 na hungoja sekunde 10 kabla ya kutangaza kifo. Toleo la tatu la VRRP, lililochapishwa Machi 2010, linaruhusu matangazo kupimwa kwa sehemu za mia za sekunde. Yakitolewa kila sehemu 10 za mia, pengo hushuka chini ya nusu sekunde. Kanuni hiyo ilihuishwa tena Aprili 2024.

Hata hivyo, haraka ina gharama yake. Mtandao wenye msongamano unaweza kuchelewesha matangazo, na akiba yenye subira fupi itadhani mwenzake amekufa ilhali yu hai. Zamu itaenda na kurudi, na kila safari itakuwa na pengo lake. Kwa kituo cha afya cha kawaida, sekunde 3 au 4 zilizo tulivu ni bora kuliko nusu sekunde yenye mtetemo.

Jambo kama hilo huonekana umeme unapokatika na kurudi mara kwa mara. VRRP kwa kawaida humrudishia zamu mwenye daraja la juu mara tu anapoamka. HSRP haifanyi hivyo mpaka iamriwe. Ruta inayoamka na kulala mara tano ndani ya dakika kumi italeta mapengo mengi bila sababu. Dawa yake ni kuiamuru ingoje, tuseme dakika 3 au 5 za utulivu, ndipo irudishiwe zamu.

Umeme wa moyo upo, mapigo hayapo

Kila anayefanya kazi katika chumba cha dharura amefundishwa kutoiamini skrini pekee. Upo mshtuko wa moyo ambao mchoro wa umeme unaendelea kuonekana vizuri, lakini ukigusa shingo hupati mapigo: damu haisukumwi. Asiyegusa mshipa atadhani mgonjwa ni mzima.

VRRP ina ugonjwa huohuo, nao ndio unaowapata wengi walioifunga kwa pupa. Matangazo husambaa ndani ya jengo tu. Ruta ya zamu yaweza kuwa hai, taa zake zinawaka, matangazo yake yanatoka kila sekunde, wakati njia yake ya nje imekatwa na katapila linalochimba mtaro barabarani. Akiba inasikia matangazo na inanyamaza. Kompyuta zinaendelea kukabidhi ujumbe kwa lango linaloutupa shimoni. Mitambo yote miwili ni mizima, na hakuna kinachotoka.

Tiba yake ni kumgusa mgonjwa mshipa. Ruta ya zamu huamriwa ikipime chombo fulani cha mbali kila baada ya sekunde chache, na isipojibiwa ijishushe daraja yenyewe. Ikiwa ilikuwa na daraja 120 na mwenzake ana 100, ikijipunguzia 30 itabaki na 90. Ruta ya akiba itasikia tangazo lenye daraja dogo kuliko lake na itachukua zamu. Kipimo hicho kiwe cha mahali palipo mbali kweli, mfano seva ya mfumo mnaoutegemea. Kupima mnara wa jirani peke yake ni kupima mapigo ya kidole na kusahau ubongo.

Akiba isiyo akiba

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika mitandao huoza, tena kimya kimya, pale akiba na kinachoakibiwa vinapokuwa na mzizi mmoja.

Tarehe 12 Mei 2024 Tanzania na majirani zake walijifunza hilo kwa pamoja. Mikongo miwili ya baharini, Seacom na EASSy, ilikatika siku hiyo katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kote. Mikongo hiyo ina wamiliki tofauti na ilianza kazi miaka tofauti, 2009 na 2010. Kwenye karatasi mmoja ni akiba ya mwingine. Ila kwa sehemu ya safari yao ya kusini imelala upande mmoja wa bahari. Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo, ilikuwa imekwisha kuharibika katika Bahari ya Shamu, hivyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha. Ruta za vituo vya afya hazikuwa na kosa lolote siku ile, na hakuna itifaki ya ndani ya jengo ambayo ingeziponya.

Kwa kipimo cha kijiji mzizi mmoja huonekana kwa sura nyingine. Kituo kinaweza kununua laini za kampuni mbili za simu kikadhani kina njia mbili. Lakini makampuni nchini hukodi minara ya pamoja, na laini zote mbili zaweza kuwa zinaning'inia kwenye mnara mmoja, wenye betri zilezile. Ruta mbili zaweza kuchomekwa kwenye soketi moja. Zote mbili zaweza kupita kwenye swichi moja, nayo ikifa hubaki ruta mbili nzima zisizo na wa kumhudumia. Usiku wa tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliizima karibu nchi nzima; usiku kama huo, ruta kumi zisizo na betri ni sawa na ruta sifuri.

Wachimbaji wanalielewa somo hili kuliko wengi wetu. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Duara lenye njia moja ya kutokea halina akiba, hata kama kamba zake ni mbili.

Ipo hatari nyingine ambayo akiba yenyewe huizaa. Mfumo wenye ruta mbili huficha kifo cha kwanza. Ruta ya kwanza ikifa Jumatatu, kazi huendelea na hakuna anayelalamika. Miezi mitatu baadaye ya pili inakufa, na watu wanashangaa kwamba "mfumo wa ruta mbili" umesimama. Ni sawa na mtungi wa pili wa oksijeni usiokaguliwa: unasimama kando ya kitanda ukitufariji, na siku unapofunguliwa ni mtupu. Kwa hiyo kila upokezano wa zamu lazima umfikie mtu, kwa ujumbe wa simu au taa nyekundu, na mtu huyo aandike na achukue hatua.

Mwisho, ruta za akiba huweza kukosa kusikiana ilhali zote ni hai, mathalani waya kati ya swichi mbili unapolegea. Hapo kila moja hujiona mjane na kushika zamu. Anwani moja inakuwa na wenyewe wawili, na ujumbe hupotea huku na huko, kama ufufuaji wa mgonjwa unaoongozwa na sauti mbili zinazopingana. Ruta mbili ziunganishwe kwa njia mbili, ili kimya cha waya mmoja kisichukuliwe kuwa kifo.

Pia matoleo mapya ya VRRP hayana nywila. Kifaa chochote kilichoingia katika mtandao uleule kinaweza kutoa tangazo lenye daraja la juu na kujifanya lango, na taarifa za wagonjwa zikapitia mikononi mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote kuzilinda taarifa hizo. Intaneti ya bure kwa wageni na wagonjwa ni jambo jema, mradi itengwe kabisa na mtandao wa watumishi.

Ushauri kwa vituo na watumishi

Si kila kituo kinahitaji ruta mbili. Zahanati yenye kompyuta mbili itafaidika zaidi na betri nzuri na ruta moja inayobeba laini za kampuni mbili, baada ya kuhakikisha kwamba laini hizo hazitumii mnara mmoja. Kituo cha afya chenye upasuaji, maabara na makumi ya kompyuta, na hospitali yoyote, vinapaswa kwenda mbele zaidi. Mpangilio wa matumizi ya fedha uwe huu:

Kwanza, umeme. Kila ruta na kila swichi iwe na betri, na ruta mbili zisitegemee betri moja.

Pili, njia mbili za nje zisizo na mzizi mmoja: mkongo na redio, au mkongo na setilaiti, au minara miwili tofauti.

Tatu, ruta mbili zenye VRRP. Kwa kuwa kanuni hii ni ya wazi, haihitaji vifaa vya kampuni moja. Programu ya bure iitwayo keepalived huifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya Linux, na ruta ndogo za bei nafuu, kama za MikroTik, huja nayo.

Nne, hesabu ya mzigo. Wapo wanaogawa kompyuta katika vikundi viwili ili njia zote zitumike kila siku. Ni vyema, ila njia mbili zinazotumika kwa asilimia 80 kila moja zitaiachia itakayobaki mzigo wa asilimia 160. Pangeni mapema kipi kipite kwanza: rufaa na maabara kabla ya video za ofisini.

Tano, jaribio. Mara moja kila mwezi, saa isiyo na wagonjwa wengi, chomoeni waya wa nje wa ruta ya zamu. Hesabuni sekunde na muziandike. Siku nyingine izimeni ruta yenyewe. Kituo kinachowasha jenereta kila wiki na kukagua toroli ya dharura kila zamu hakina sababu ya kuiacha ruta bila kukaguliwa.

Sita, karatasi. Vitabu vya MTUHA ndiyo mapigo ya mwisho ya moyo wa kituo: ni ya polepole, lakini yanatosha kumweka mgonjwa hai mpaka msaada ufike. Kila idara iwe na fomu tupu na kalamu mahali panapojulikana, na iamuliwe mapema nani atayaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta mtandao ukirudi.

Tuna mfano mzuri karibu nasi. Mfumo wa m-mama, uliokulia Kanda ya Ziwa na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, humsafirisha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye katika dharura kwa kupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na kufundishwa kabla. Hapo pana daraja, pana akiba, pana anayesikiliza, na hakuna anayeanza kutafuta namba za simu damu ikiwa inamwagika.

Neno kwa mgonjwa

Ukiambiwa mtandao haupo, usiondoke na ugonjwa wako. Omba uandikishwe kwa karatasi. Tembea na namba yako ya bima iliyoandikwa mahali pengine mbali na simu, kadi ya kliniki, na majina ya dawa unazotumia. Ukipewa rufaa, dai barua ya rufaa iliyoandikwa hata kama umeambiwa taarifa zimetumwa kwa kompyuta. Barua hiyo ndiyo ruta yako ya akiba. Na ukiwa na dalili za hatari, kama kushindwa kupumua, kutokwa na damu nyingi, degedege, au umefukuliwa kwenye kifusi, sema hivyo kwa sauti mapokezini. Dharura haingoji mtandao, na mtumishi yeyote aliyefunzwa anajua kwamba mikono huanza kabla ya kibodi.

Kwa mganga mfawidhi anayesoma haya, swali la kuanzia ni jepesi na halihitaji bajeti. Nenda kwenye kabati la mapokezi, iangalie ruta yenu, kisha umuulize afisa TEHAMA: hiki kikizimika sasa hivi, nani anashika zamu, na baada ya sekunde ngapi? Jibu likiwa ni jina la mtu anayeishi mji mwingine, mmekwisha kujua pa kuanzia.